MWENZETU ANATAKA KURUDI: TUTAMKATAA JUU YA NINI?



Katika gazeti hili letu tunaandika kila mara juu ya mpira, juu ya korale, juu ya usafi wa vyoo. Ni vizuri. Leo naomba ruhusa ya kuandika juu ya neno ambalo tunalisema sana kwenye bomba la maji, na usiku kisha taa kuzimwa, lakini mbele ya Bwana Prefe kila mtu ananyamaza.

Kuko mwenzetu mmoja aliyegonjwa akili mwaka uliopita. Ametibiwa, yuko nyumbani, na baba yake ameandika barua kuomba arudishwe masomoni. Komite ya wazazi itakaa siku ya posho juu ya ile barua. Na ndani ya internati kuko karatasi moja inayotembea kitanda kwa kitanda, watu wanatia saini kusema hawapendi alale nasi tena. Juzi ilinifikia mimi pia. Nilikuta saini 41. Nikairudisha bila kuandika kitu, na yule aliyeileta akaniuliza: «Weye unamuhurumia wazimu?» Sikumjibu pale pale kwani kengele ililia. Namjibu hapa.

Jina la mwenzetu sitalitaja. Wote munalijua, na akirudi sipendi akute limepigwa kwenye stensili pamoja na ugonjwa wake.

Ninyi wa mwaka wa kwanza hamukumwona, mulisikia tu. Kwa hiyo niseme mambo yalivyokuwa, maana hadithi ilikua njiani. Hakuuma mtu. Hakula majani. Hakupanda juu ya paa la kanisa. Ilianza pole pole, na sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukufahamu kitu. Kwanza aliacha kulala. Saa nane ya usiku unamkuta ameketi kitandani na kimulimuli anaandika, kurasa na kurasa. Tukasema, huyu anatafuta kuwa wa kwanza katika kalasi. Kisha akaacha kula pamoja nasi, akisema kwamba kuna kitu wanatia ndani ya maharagi. Kisha akasema redio ya mlinzi inataja jina lake. Hapo ndipo tulianza kucheka. Mimi nilicheka kupita wengine. Kila asubuhi nilimwuliza mbele ya watu, «Leo redio inasema nini?» na wengine walianguka chini kwa kicheko. Majuma mawili mazima tulicheka.

Katika juma la mitihani, usiku wa mvua, alitoka bila shati akasimama katikati ya uwanja, akaita kwa sauti kubwa. Alivunja kioo kimoja cha dirisha, mkono wake ukatoka damu. Hicho kioo kimoja ndicho alichovunja. Sisi tulikuja na kamba. Tulimfunga kwenye nguzo ya baraza, na mmoja wetu akampiga kiatu kichwani. Asubuhi aliomba maji. Alipokwisha kunywa, hakuna aliyetaka kushika kile kikombe, tukakitupa nyuma ya jiko. Kilikuwa kikombe kizuri.

Sasa nauliza: usiku ule, nani walitenda mambo ya kuogopesha?

Jamaa yake ni watu wa kanisa kama sisi. Walimpeleka kwenye chumba cha maombi. Wandugu, nisikilizeni vizuri hapa. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, sina neno baya juu ya maombi, na naamini kwamba Mungu anaponya. Lakini mwenzetu alikaa mule majuma matatu, mguu wake katika kamba, siku nyingi bila chakula, kwa sababu ilisemwa kwamba pepo anapata nguvu kwa chakula. Na kila siku waliulizana naye: ni nani wa jamaa aliyekuroga? Walimwuliza, walimwuliza, mpaka siku moja, kwa njaa na kwa uchovu, akataja mama ya mama yake. Yule mama mzee njo alimlea. Sasa anakaa kwa watu wengine kwa sababu wana wake mwenyewe hawamtaki tena. Ugonjwa ulikuwa wa mtu mmoja, tukaufanya wa watu wawili.

Tunaposoma habari za Elia katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunamkuta mtumishi wa Mungu aliyechoka kabisa, ameketi chini ya mti, anaomba afe. Malaika alifanya nini? Hakumfunga. Hakumwuliza nani amemroga. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa, na maji ndani ya chupa. Elia akala, akalala. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena. Ndipo safari iliendelea. Sijui ni kwa nini sisi wasomaji wa Biblia tulichukua mambo ya kufungisha mgonjwa tukaacha yale ya mkate na usingizi.

Mjomba wake mwenzetu, anayefanya kazi kwenye kituo cha afya, njo alisema basi, inatosha. Alimpeleka Bukavu kwenye SOSAME, ile hospitali ya wagonjwa wa akili inayoongozwa na mafurere wa Katoliki wanaoitwa Frères de la Charité. Iko pale tangu 1994. Munajua kwamba sisi vijana tumegeuza hata jina la hospitali kuwa tusi: mtu akikosa hesabu ubaoni, unasikia nyuma, «Muende naye SOSAME!» Kila mtu anacheka, na mwalimu siku ingine anacheka pia (wakubwa wangu munisamehe). Sasa mama aliye na mtoto anayeanza kuona mambo yasiyokuwako, atapita namna gani mlango wa nyumba ambayo jina lake ni matusi? Atamficha. Atangoja gisi mtoto atakavyoharibika kabisa, ndipo atakwenda, na wakati ule kazi ya daktari ni ngumu mara tatu.

Tena kuko neno la ndoa. Kwetu mbele ya kupeleka mbuzi au ngombe, wazee wanauliza: kwao kuko wazimu? Kuko kifafa? Kwa hiyo jamaa yote inaficha mgonjwa mmoja ili dada zake wapate kuolewa. Wanamfungia nyumba ya nyuma. Nimeona kijiji ambacho watu walijua kwamba mzee fulani alikuwa na wana watano, na siku ya kifo cha mmoja ndipo majirani walifahamu kwamba walikuwa sita.

Na kwa kuwa nimetaja kifafa, niseme upesi: kifafa si wazimu, na mate ya mwenye kifafa hayaambukizi hata mara moja. Kuko watoto walioungua motoni mbele ya watu wazima walioogopa kuwashika. Mtu akianguka, umtoe karibu na moto, umlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, ungoje. Ni hayo tu.

Nilimtembelea mwenzetu wakati wa vakansi ya Pasaka. Nilikwenda kwa woga, sitadanganya. Nilimkuta anapanga matofali na mdogo wake. Amenenepa kidogo, anatembea pole, shingo yake imekazana, na mikono inatetemeka. Mara moja nikawaza, bado, hajapona. Yeye akaona macho yangu. Akasema: «Mikono njo inatetemeka juu ya dawa, usiogope. Daktari alinipa ingine ya kuipunguza.» Na ni kweli, kwa maana nilikwenda kumwuliza mjomba wake baadaye: dawa nyingi za ugonjwa huo zinakaza misuli na kutetemesha, na watu wanamcheka mgonjwa juu ya dawa wakifikiri wanaona wazimu. Ndiyo maana wengine wanaitupa. Wakiitupa ghafula, ugonjwa unarudi, na majirani wanasema, si tulisema hauponi?

Tukaketi. Aliniuliza tumefika wapi katika hesabu. Nikamwonyesha, akafanya mbili mbele yangu kwa kijiti juu ya udongo, ya tatu ikamshinda kidogo. Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile halinitoki. «Miezi mbili yote nilikuwa pale hospitali, sikuona mutu wa masomo hata mumoja. Wakati mwalimu wa jeografia alipasuliwa, korale yote ilienda kumwimbia. Mi niliwaza pengine hamujui njia.»

Njia tulikuwa tunaijua. Hata mimi niliyekuwa na kitanda karibu na chake, nilikuwa Bukavu mara mbili katika miezi ile.

Wengine munasema huu ni ugonjwa wa uchawi, dawa ya muzungu haiufahamu. Basi mujue kwamba wazungu nao walifunga watu wao kwa minyororo. Katika mji wa Gent, inchi ya Ubelgiji, wenye wazimu walikuwa wamefungwa chini ya ardhi katika ngome ya zamani, mpaka 1815, padri mmoja aliyeitwa Triest na mafurere wake walipowafungua. Mafurere wa shirika lile lile njo wako SOSAME leo. Na dawa si za jana. Mwaka 1952 waganga wawili wa hospitali ya Sainte-Anne huko Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kazi ya dawa ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 Mbelgiji Paul Janssen na watu wake wakapata ile ingine, haloperidol, ambayo mpaka sasa inatumika katika hospitali zetu. Haziponyi kila mtu, na kwa wengi zinamezwa miaka mingi, kama vile mwenye sukari anavyotumia dawa yake. Hatujasikia karatasi ya saini juu ya mwenye sukari.

Tena si wazungu peke yao. Mwanaijeria mmoja, daktari Thomas Adeoye Lambo, alianza kazi kule Aro, karibu na mji wa Abeokuta, mwaka 1954. Hakupenda kufungia wagonjwa wote ndani ya hospitali. Aliwapanga katika vijiji vilivyo karibu, mgonjwa na mtu wa jamaa yake, katika nyumba za watu wa vijiji. Walikuwa wanaenda kwa daktari, wakirudi wanalima, wanapika, wanazungumza na watu. Hata waganga wa kienyeji aliwaita wafanye kazi naye. Lambo alifahamu kwamba mtu anapona upesi pahali ambapo watu wanamwita kwa jina lake.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na ugonjwa fulani wa akili, ukihesabu pamoja huzuni nzito na woga usiokwisha. Ule mkali unaoitwa skizofrenia ni wa mtu 1 kati ya 300 hivi, na unapenda kuanza mwishoni mwa ujana, ndiyo kusema umri wetu na miaka inayofuata. Hesabu za namna hii hazigawanyiki sawasawa kwa kila masomo. Lakini sisi ni zaidi ya 600 hapa. Wale 41 waliotia saini, hakuna hata mmoja aliyepewa barua kutoka mbinguni kwamba yeye hatagonjwa.

Sasa nifike kwenye neno lao kubwa, kwa sababu si neno la upumbavu. Wanasema: «Akianza tena na usiku, tutafanya je? Ule mutu alishaharibika kichwa, haiko wa kulala na batu.» Ndiyo, anaweza kuanza tena. Daktari mwenyewe hakusema haiwezekani. Na namfahamu Bwana wa nidhamu, ambaye yuko peke yake na vijana wote wa internati, akisema kwamba kazi yake ni nyingi. Wagonjwa wengi wa akili hawapigi mtu hata siku moja, wao ndio wanapigwa. Lakini tuseme tu kwamba unaogopa. Haya. Ulinzi ni nini? Ugonjwa huu unapiga hodi mbele ya kuingia. Kwake ulipiga hodi majuma mawili: hakulala, hakula, alisikia redio. Sisi tuliona yote, sisi peke yetu, mbele ya baba yake, mbele ya daktari. Kama mmoja kati yetu angaliacha kucheka akaenda kumwambia mama wa dispansari, pengine hakungekuwa usiku wa mvua, wala kamba, wala chumba cha maombi, wala mama mzee kufukuzwa. Nyumbani kwao baba anatoka shambani jioni amechoka, analala. Hapa kuko macho kumi na mawili katika chumba kimoja. Ukimwondoa kwetu, unamwondoa pahali ambapo watu wanaweza kuona mapema.

Dawa zake ziwekwe kwa mama wa dispansari, amupe kila jioni, kama anavyotupa sisi dawa za malaria. Mjomba amekubali kuzileta kila mwezi. Komite ikitaka barua ya daktari, iiombe, ni haki yake. Kutaka barua si vibaya. Vibaya ni kutaka barua na, ikiisha kuletwa, kusema bado tunaogopa. Inchi yetu nayo ilitoa sheria namba 22/003 ya 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye kilema. Mimi si mtu wa sheria, lakini wazazi walio na elimu hiyo katika komite waisome mbele ya siku ya posho.

Nawaza tena juu ya yule mwanamke tunayemwona sokoni, mwenye nguo za magunia. Watoto wanamtupia mawe, sisi wakubwa tunapita upande mwingine. Ana mimba sasa, ya pili. Mchana kila mtu anamkimbia. Basi kuko wanaume wa mji huu ambao usiku hawamkimbii, na asubuhi wanavaa viatu safi na kwenda kazini, na hakuna anayewaita wazimu. Yeye pia pengine alikuwa na kitanda mahali fulani, na watu waliojadiliana kama arudi au asirudi.

Wahubiri wetu wanapenda sura ya 5 ya Marko, yule mtu aliyekaa makaburini, ambaye minyororo ilimshinda. Tunasikia sana juu ya pepo na nguruwe. Lakini someni polepole mstari wa 15. Wakati mtu yule alipokuwa analia usiku na kujikatakata kwa mawe, watu wa mji walikuwa wamemzoea. Walikuja kumwona ameketi, amevaa nguo, akili zake zimetimia, na hapo ndipo waliogopa. Waliogopa mtu aliyepona! Na alipoomba kupanda chombo na kufuatana na Yesu, Yesu alikataa, akamtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Ilikuwa rahisi kumchukua mbali. Alimrudisha kwa wale wale waliokuwa wakimfunga.

Mwenzetu ametumia miaka miwili na nusu katika internati hii. Watu wake ni sisi.

Aliyeshika ile karatasi, mimi sikuchukii. Juzi ulilala na taa chini ya blanketi ukisoma, ukaniambia huna usingizi siku hizi juu ya mitihani. Nilikuuliza kama ni kwa mitihani tu, ukacheka. Njoo tuzungumze, si mbele ya watu.

Kitanda chake bado kiko pale karibu na dirisha la pili, wengine wamekifanya pahali pa kuwekea masanduku. Jana jioni nimeondoa sanduku langu. Yamebaki matano, na wenyewe wanajijua.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne